Lo, la, le: vijineno vya Kihispania vinavyotusumbua bure

Kijana mmoja anayetembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja, alijifunza Kihispania kwa masikio. Hakukaa darasani. Alikaa na wageni wa Madrid, msimu baada ya msimu, akiokota neno leo na jingine kesho, mpaka ikawa anaweza kueleza habari za Forodhani na bei ya urojo bila kukwama. Siku moja kundi lake lilikuwa la watu wa Mexico. Mama mmoja mtu mzima akachoshwa na jua, kijana akamwambia kwa adabu zote: *Ahora la traigo el agua, señora.* Alikusudia "sasa hivi nakuletea maji, mama". Yule mama akacheka, akamuuliza, "Unanileta wapi?"

Alinisimulia mkasa huu akiwa bado amekereka, kwa sababu sentensi ile aliisikia vinywani mwa Wahispania wenyewe, tena si mara moja. Nilimwambia kwamba yeye na yule mama wote walikuwa na lao la kusema, na nitafika huko. Lakini nusu ya jibu unayo tayari wewe unayesoma hapa, maana tofauti kati ya alichosema na alichokusudia ni ile ile iliyopo kati ya *nakuleta* na *nakuletea*. *La traigo*: nakuleta. *Le traigo*: nakuletea.

Wanaohangaika na vijineno hivi wanaongezeka. Wapo watembeza wageni wa Arusha na Zanzibar, wapo wanaojifunza kwa programu za simu wakiwa kwenye daladala, wapo waraibu wa tamthilia za Mexico, wapo ndugu zetu waliohamia Marekani wakakuta lugha ya jikoni kazini ni Kihispania. Wote hufika mahali pamoja wakakwama: *me, te, lo, la, le, se*. Na karibu wote hufundishwa kwa kupitia Kiingereza, ambacho kwa jambo hili ni mwalimu mbaya. Kiingereza huweka "yeye" baada ya kitenzi, hakina haja ya kumtaja mtu mara mbili, na hakijali kama mtu ameletwa au ameletewa. Umbo ni lile lile. Mswahili anayejifunza Kihispania kwa Kiingereza ni kama mtu wa Tanga anayekwenda Pangani kwa kupitia Dodoma.

Tuweke maneno mawili mezani kwanza. Ukisema "Juma amempa Asha embe", embe ndilo lililotoka mkono huu kwenda mkono ule. Hilo ni mtendwa. Asha ndiye aliyelipokea, tendo limemwishia yeye. Huyo ni mtendewa. Waliosoma Kenya watakumbuka shamirisho kipozi na shamirisho kitondo, na waliosoma Tanzania yambwa tendwa na yambwa tendewa. Ni mambo yale yale, na hapa sitayaita majina hayo tena.

Sasa kila lugha ina njia ya kukwepa kurudia majina. Badala ya "Juma amempa Asha embe, Asha amelila embe", tunasema "amelila", na ile *-li-* imebeba embe zima. Kihispania kina viambishi vya namna hiyo hiyo, isipokuwa kimevivalisha nguo za maneno kamili. *Le di* huandikwa kama maneno mawili, lakini jaribu kupenyeza kitu katikati yake: *le ya di*, *le siempre di*. Haiwezekani, kama usivyoweza kupenyeza kitu kati ya *-m-* na *-pa* katika *nilimpa*. Hata kukanusha kunakwenda kwa mpangilio wetu: *no le di*, si-ku-m-pa, kikanushi mwanzoni, mtendewa ameng'ang'ania kitenzi. Ukiliona *le* kama kiambishi kilichosahauliwa kuunganishwa, nusu ya hofu inaondoka.

Nusu nyingine inaondoka ukihesabu ni vijineno vingapi kweli vina matatizo. *Me* ni "-ni-", *te* ni "-ku-", *nos* ni "-tu-", na *os*, ambayo hutumika Hispania, ni "-wa-" ya ninyi. Hivi vinne havijali mtendwa wala mtendewa. *Me ve*, ananiona; *me da*, ananipa. Kama kwetu tu. Shida yote iko kwa "yeye" na "wao" na vitu: *lo, la, los, las* kwa mtendwa, *le, les* kwa mtendewa.

Na hapo kwenye vitu Mhispania ametuhurumia. Sisi tunalazimika kujua kama kitu ni cha *ki*, *vi*, *li*, *ya*, *u*, *zi*, *ku*. Yeye ana jike na dume, kimoja na vingi, basi. Kitabu nimekisoma, *el libro ya lo leí*. Barua nimezisoma, *las cartas ya las leí*. Pa kuangalia ni yale majina yenye sura ya kudanganya: *el problema* ni dume ingawa linaishia kwa *a*, *la mano* ni jike ingawa linaishia kwa *o*, na *el agua*, maji, ni jike lililovaa *el* kwa sababu za matamshi tu. Maji uliyoyanywa ni *la bebí*.

Mkia wa kitenzi

Sasa tuingie kwenye kiini, maana hapa ndipo Mswahili anapojikwaa na ndipo hapo hapo penye mali yake.

Tunasema *nilimwona* na *nilimpa*. Aliyeonwa ni mtendwa, aliyepewa ni mtendewa, lakini wote wawili tumewavisha *-m-* ile ile. Kihispania kinakataa: *lo vi* (au *la vi* kama ni mwanamke), lakini *le di*. Kwa hiyo Mswahili anapotaka kusema "-m-" hajui achukue lipi, na wengi huishia kubahatisha.

Ila Kiswahili hakijaipuuza tofauti hiyo. Kimeiweka kwingine, kwenye mkia wa kitenzi. Ile kauli ya kutendea tuliyochoshwa nayo shuleni, *-ia* na *-ea*, inafanya kazi ile ile ambayo Mhispania anaifanya kwa kubadili *lo* kuwa *le*. Hebu tazama:

Nilimuuza, *lo vendí*. Nilimuuzia, *le vendí*. Nilimnunua, *lo compré*. Nilimnunulia, *le compré*. Nilimwiba, *lo robé*. Nilimwibia, *le robé*. Na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote: nilimpikia mama ni *le cociné a mi madre*, ila ukiteleza ukasema *la cociné*, umempika mama. Umemtia sufuriani.

Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo kwa Kihispania, sema sentensi moyoni kwa Kiswahili na usikilize mkia. Ukisikia *-andikia, -letea, -fungulia, -pelekea, -tengenezea*, mkono wako uende kwenye *le*. Niliwafungulia mlango, *les abrí la puerta*. Nimemtumia pesa, *le mandé dinero*, ingawa huyu *-tumia* tumeshamzoea mpaka tumesahau kwamba chanzo chake ni *-tuma*.

Kipimo hiki hakikosi mashimo, na ni heri nikuonyeshe yalipo kuliko uyatumbukie mwenyewe. Kuna vitenzi vyetu visivyo na mkia huo lakini mtu wake ni mtendewa: *-pa, -uliza, -omba, -lipa, -fundisha, -onyesha*. Hapo uliza swali moja: je, mbali na mtu huyo, kitenzi kinaweza kubeba kitu kingine? Nilimuuliza swali. Nilimwomba pesa. Nilimlipa mshahara. Nilimfundisha Kiswahili. Kama kuna mzigo mwingine, mzigo ndio mtendwa, na mtu anabaki kuwa *le*: *le pregunté, le pedí, le pagué, le enseñé*. Lakini nilimwona… nini? Hakuna cha kuongeza. *Lo vi.*

Halafu kuna mikia ya bandia. *-angalia, -chukia, -pokea* vinaishia vizuri kabisa kwa *-ia* na *-ea*, lakini humo hakuna wa kutendewa: *lo miro, lo odio, lo recibí*. *-tembelea* ni kauli ya kutendea kweli, kutoka *-tembea*, lakini Mhispania anamtembelea mtu kwa *lo*: *lo visité*. *-saidia* ndiyo inayochekesha, kwa sababu hata wenyewe hawajaafikiana. Utasikia *lo ayudé* na *le ayudé*, na hakuna atakayekukamata. Kwa kupiga, *pegar*, wao hupiga kwa *le*: *le pegó*, ni kana kwamba kipigo ni kitu anachopewa mtu.

Le si ya watu, lo si ya vitu

Nimesikia kanuni hii ikirudiwa hata na walimu: *le* ni ya watu na *lo* ni ya vitu. Ni uongo unaokaribia ukweli, na uongo wa namna hiyo ndio mbaya. Anayepewa au kuambiwa mara nyingi ni mtu, ndiyo. Lakini mtu huonwa, husubiriwa, hupendwa, na hapo ni *lo* au *la*. Na kitu nacho hutendewa. Mpishi anapoutia mchuzi chumvi, chumvi ndiyo mtendwa, mchuzi ndio uliotiwa: *le eché sal al caldo*. Angalia Kiswahili chetu kinavyokubaliana nacho: nili-u-tia mchuzi chumvi. Kiambishi kimeufuata mchuzi, hakikuifuata chumvi. Mhispania naye amefanya hivyo hivyo.

Uongo wa pili unatokana na kineno *a*. Mhispania akimwona Juan husema *vi a Juan*; akiiona nyumba husema *vi la casa*, bila *a*. Wanafunzi wenye lugha ya Kiingereza hushangaa, wakadhani *a* ni alama ya mtendewa, wakaenda kusema *le vi*. Mswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi pia tunawatofautisha walio hai na vitu: "niliona nyumba" inapita salama, lakini "niliona Juan" inaumiza sikio, lazima iwe "nilimwona Juan". Ile *a* ni heshima ya mtu, haigeuzi mtendwa kuwa mtendewa. Hata mbwa wa nyumbani hupewa: *vi al perro*, nilimwona mbwa.

Na uongo wa tatu: eti *le di el libro a Juan* ni kosa la kurudia, kwa sababu *le* na *a Juan* ni mtu yule yule. Vitabu vya Kiingereza hutumia kurasa kuomba radhi kwa jambo hili. Jamani, "nilimpa Juan kitabu". *-M-* ni nani? Juan. Na Juan ni nani? Juan. Tumemtaja mara mbili tangu utotoni na hakuna aliyetushitaki. Thubutu kusema "nilipa Juan kitabu" uone utakavyotazamwa.

Hapa lakini weka breki. Kwa mtendewa Mhispania hurudia kama sisi. Kwa mtendwa anayekuja *baada* ya kitenzi, Kihispania cha vitabuni hakirudii. "Namwona Juan" ni *veo a Juan*, bila *lo*. "Nimekisoma kitabu" ni *leí el libro*, bila *lo*. Jina likitangulia mbele, hapo kijineno kinarudi kwa lazima: *el libro lo leí*, *a Juan lo vi*. Hili ni kosa letu sisi Waswahili hasa, Mwingereza halifanyi, kwa hiyo hulikuti limeonywa kwenye vitabu vyake.

Kichwa kinaniuma, gesi imeniishia

Kuna sura moja ya Kihispania ambayo wageni wengi huiona kama ushirikina, na Mswahili anaweza kuingia humo kwa miguu mitupu.

"Napenda maembe" kwa Kihispania ni *me gustan los mangos*. Mwanafunzi hutafuta "mimi napenda" asiione. Haipo. Tafsiri iliyonyooka ni "maembe yananipendeza". Maembe ndiyo mtenda, ndiyo maana kitenzi kina *-n* ya wingi, kama *ya-* yetu. Na mimi ndiye ninayependezwa, *me*. Embe moja: *me gusta el mango*, embe linanipendeza. Ukimwambia mtu *me gustas*, umemwambia "unanipendeza", na ujue umeshaingia kwenye mambo ya mapenzi.

Kichwa kinaniuma: *me duele la cabeza*. Miguu inaniuma: *me duelen los pies*. Hata lile la kutosema "kichwa changu" tumelingana. Kila anayejua Kiswahili anajua kwamba kichwa kinachoniuma mimi hakiwezi kuwa cha jirani. Kihispania kinasema *la cabeza* kwa mantiki hiyo hiyo. Walimvunja mkono, *le rompieron el brazo*. Walimwibia pochi, *le robaron la cartera*.

Na ingia jikoni sasa. Umeweka wali, umeitwa nje na mgeni, ukarudi harufu imeshaenea nyumba nzima. Hutasema "nimeunguza wali", labda kama wewe ni mkweli kupita kiasi. Utasema "wali umeniungulia". Mhispania aliyesimama mbele ya sufuria kama hiyo husema *se me quemó el arroz*. Wali umeungua wenyewe, *se quemó*, na balaa limeniangukia mimi, *me*. Gesi imeniishia, *se me acabó el gas*. Ufunguo umenipotea, *se me perdió la llave*. Gari limeniharibikia njiani, *se me descompuso el carro*, kama wanavyosema Mexico. Na lile zito kuliko yote, mbwa amenifia: *se me murió el perro*. Nimewahi kuona kitabu kikitumia ukurasa mzima kueleza "tukio lisilokusudiwa" kwa michoro na mishale. Kwa Mswahili neno moja linatosha: *limeniharibikia*.

Pale Kiswahili kinapotuacha

Kitenzi chetu sanifu kina kiti kimoja tu cha mtendwa au mtendewa. Ukisema "alinipa", kiti kimekaliwa na *-ni-*. Kitabu hakina pa kuketi, hakuna "alikinipa". Tunakiacha kieleweke au tunakitaja nyuma: alinipa hicho. Kihispania kina viti viwili, na hupenda vyote vijae: *me lo dio*. Mtu kwanza, kitu baadaye, kila siku. *Te la mando*, nakutumia (hiyo barua). *Nos los vendió*, alituuzia (hivyo vitabu).

Wasomaji wa Rwanda na Burundi watatabasamu, kwa sababu lugha zao zina viti vya kutosha. Mnyarwanda husema *yakimpaye*, alinipa hicho, *ki* na *m* vikiwa vimekaa pamoja ndani ya kitenzi. Wao waangalie mpangilio tu: kwao kitu kinatangulia na mtu anakaa jirani na mzizi, kwa Mhispania ni kinyume.

Viti viwili vinapokaliwa na "yeye" na "kitu", panatokea jambo linalomchanganya kila mtu. Ilitakiwa iwe *le lo di*, nilimpa hicho. Haiwi. Inakuwa *se lo di*. Utaambiwa ni kwa sababu *le lo* linasikika vibaya, au kwa sababu *lelo* kwa Kihispania ni mjinga. Ni hadithi za kujifurahisha. *Lo, la* na *le* zote zimetoka kwenye neno la Kilatini *ille*, "yule" (kufanana kwake na *ile* yetu ni bahati tu). Pale yalipogongana mawili, Kihispania cha kale kilitoa *gelo*, *ge* ikitamkwa karibu na *j* ya Kifaransa. Baadaye sauti hiyo ilichanganyika na *se* lililokuwapo tayari, na kufikia mwisho wa karne ya 16 *se lo* lilikuwa limeshika kiti. Kwa hiyo *se* hili si lile la "kujiona" na "kuungua", ni *le* lililobadilishwa sura na wakati. Ushahidi uko karibu kuliko unavyodhani: wenzetu wa Malindi na Watamu walioishi na Waitaliano wameshasikia *glielo*, *glielo do*, nampa hicho. Kiitaliano kimelitunza lile pacha.

Ubaya wa *se lo di* ni kwamba *se* hilo halina jinsia wala idadi. Nilimpa yeye wa kiume, wa kike, nikawapa wao, au nikakupa wewe mheshimiwa. Wanaotaka kueleweka huongeza mkiani: *se lo di a ella*. Watu wa Mexico na nchi nyingi za Amerika ya Kusini wamejitafutia dawa: wingi uliokosa nafasi kwenye *se* wanauhamishia kwenye *lo*, wanasema *se los dije*, "niliwaambia", ingawa lililosemwa ni jambo moja. Ukitazama tamthilia utaisikia kila mama mwenye hasira anapothibitika kuwa alitabiri sawa.

Huyo "wewe mheshimiwa" ni *usted*, na anastahili sentensi mbili. Kwa asili ni "rehema yako", *vuestra merced*, kwa hiyo sarufi humtendea kama mtu wa tatu, *le* na *lo*. Ni kama unavyomwendea mzee barazani ukamuuliza yeye mwenyewe, "Mzee atakunywa chai?" Ndiyo maana yule kijana wa Unguja alihitaji *le* kwa kumaanisha "nakuletea".

Mtego mkubwa kuliko huo ni kauli ya kutendwa. Sisi tunasema "nimeambiwa", "amepewa", "tumeletewa" siku nzima. Mtendewa wetu anaruka hadi kiti cha mbele bila tabu. Kihispania hakimruhusu. Ni mtendwa tu anayeweza kuruka. Kitabu kinaweza "kutolewa", Asha hawezi "kupewa". *Fui dicho*, *fue dada un libro*, ni sentensi ambazo Mhispania atazikunjia uso. Husema "waliniambia", *me dijeron*, "walimpa", *le dieron*, bila kuwataja hao "wao" ni nani. Ukizoea hilo pekee, Kihispania chako kitapoteza nusu ya lafudhi ya ugeni.

La mwisho ni mdomo. Kihispania hubandika vijineno mwishoni mwa amri: *dame*, nipe, *dámelo*, nipe hicho, *dígamelo*, niambie hilo. Ukikataza vinarudi mbele: *no me lo digas*. Na kwa kitenzi-jina una hiari: *quiero verte* au *te quiero ver*, yote ni "nataka kukuona". Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho hata neno lirefuke vipi: *pika*, *pikeni*. Mdomo wetu kwa hiyo unataka kusema *daMElo*. Usiuruhusu. Mhispania anauacha mkazo palepale kitenzi kilipouweka, *DÁmelo*, *DÍgamelo*, na ile alama ya juu imewekwa kwa ajili ya kukukumbusha hilo.

Turudi kwa kijana

Kwa nini basi wageni wa Madrid walimfundisha *la traigo el agua*? Kwa sababu Madrid na sehemu za Castilla, katikati mwa Hispania, wapo wengi wanaosema hivyo. Kwao jinsia ina uzito kuliko tofauti ya mtendwa na mtendewa: ni mwanamke, basi ni *la*, hata kama anatendewa. Akademia ya Kihispania, *Real Academia Española*, iliyoanzishwa mwaka 1713, hailikubali hilo. Inakubali jambo jingine la huko huko, *le vi* kwa mwanamume mmoja badala ya *lo vi*, kwa kuwa limeenea mno hata kwa waandishi wakubwa. Andalucía kusini mwa Hispania, visiwa vya Canarias na karibu Amerika ya Kilatini nzima wamebaki na mgawanyo wa zamani, na humo ndimo alimotoka yule mama wa Mexico.

Ushauri wangu kwa kijana ulikuwa aseme *le traigo* kwa kila mteja. Wa Madrid hatashtuka, wa Mexico hatauliza analetwa wapi. Akafanya hivyo, mambo yakatulia.

Mwezi uliopita amenitumia ujumbe wa sauti. Safari hii kundi limetoka Buenos Aires. "Bro, si uliniambia *lo vi a Juan* ni kosa letu Waswahili? Hawa wanasema hivyo tangu asubuhi, wote, mpaka bibi yao." Nikamjibu kwamba huko Argentina ndivyo watu wanavyoongea, *lo vi a Juan*, nilimwona Juan, *-m-* na Juan wake kama kawaida. Akacheka sana. Kisha nikasikia anageuka kutoka kwenye simu na kumwambia mtu, kwa sauti ya mtu aliyefika kwao: *Dale, vamos.* Haya, twende.